Nyiragongo: Video fupi za wahami, na siku nne zilizofichwa kati ya vipande viwili

Katika kambi ya wahami ya Kanyaruchinya, kaskazini mwa mji wa Goma, watu wengi walimtambua binti huyu kwa telefone yake yenye kioo kilichopasuka. Asubuhi mapema, kabla upepo haujaanza kupiga mahema, alikuwa akipita na kuuliza kama kuna mwenye salamu za kupeleka. Mwenye salamu aliketi juu ya jiwe jeusi la volkano, au juu ya bidoni tupu, akasema kwa sekunde kumi ama ishirini: mimi ni mzima, niko hapa, watoto wako hivi, fulani bado hatujamwona. Jioni binti aliunganisha vipande hivyo kuwa video moja ya dakika mbili au tatu. Kisha video ilitumwa kwa WhatsApp kwa ndugu walio Goma, Bukavu, Kampala, na katika kambi ya Nakivale nchini Uganda.

Kazi hiyo ilionekana ndogo. Kukata na kuunganisha, basi. Lakini mwezi wa kumi na moja mwaka 2022, kiungo kimoja cha nusu sekunde kilimfanya mtu aache kumtafuta mtoto ambaye alikuwa bado amepotea. Tangu siku hiyo binti huyu haunganishi tena video jinsi alivyokuwa akiunganisha.

Kutoka video za ndoa

Jina lake halitajwi hapa kwa ajili ya usalama wake. Alikulia Kiwanja, wilayani Rutshuru, na kazi ya montaji alijifunza kwa mjomba wake aliyekuwa akipiga video za ndoa. Katika video za ndoa, kila kiungo ni sherehe. Picha inageuka kama ukurasa wa kitabu, inapasuka kuwa nyota, inazunguka, mioyo myekundu inaruka. Bibi arusi anaingia kanisani, anageuka kuwa moyo, moyo unafunguka na keki inatokea. Wateja walipenda hivyo, na mjomba alilipwa kwa hivyo.

Tarehe 29 mwezi wa kumi 2022, waasi wa M23 waliiteka Kiwanja na Rutshuru-centre. Familia ya binti ilifuata barabara ya Goma, safari ya karibu kilomita 70, pamoja na maelfu ya watu wengine. Kompyuta ya mjomba ilibaki nyumbani. Telefone ilikuja, na ndani yake CapCut, programu ya bure ya kukata video aliyokuwa ameiweka kabla ya vita.

Video yake ya kwanza kambini ilikuwa na watu sita. Aliiunganisha kama alivyojua. Mama mmoja mzee alieleza kwamba mume wake alizikwa njiani. Kabla hajafunga mdomo, picha yake ilizunguka kama jani kwenye upepo, nyota ikapasuka, akatokea kijana anayeomba viatu. Watu waliokuwa wakitazama pale hemani walicheka. Hawakumcheka mama, walicheka ile nyota. Lakini mama mzee alikuwa ameketi katikati yao.

"Mwanangu," akamwuliza kwa upole, "mbona umenizungusha?"

Binti hakuwa na jibu. Usiku huohuo alitoa nyota zote, mioyo yote, na kurasa zote. Akaviweka vipande kimoja baada ya kingine bila kitu katikati.

Hapo akakutana na tatizo lingine. Vipande vilivyowekwa hivyo viliruka. Upepo unavuma kwenye kipande cha kwanza, ghafla unakatika. Mtu yuko juani, mara mwingine yuko kwenye giza la hema. Sauti moja iko karibu, inayofuata iko mbali. Kila mara mtazamaji anastuka kidogo, na wakati anastuka, maneno ya kwanza ya msemaji anayefuata yanampita. Katika salamu za wahami, maneno ya kwanza ni jina. Ndugu mmoja wa Bukavu alirudisha ujumbe akiuliza: "Yule baba wa tatu ni nani?" Baba alikuwa amelitaja jina lake wazi kabisa. Kiungo ndicho kilichomeza jina.

Kumbe kiungo laini kina kazi yake. Kinamshika mtazamaji mkono kutoka mtu mmoja hadi mwingine, ili akifika awe tayari kusikiliza.

Kiungo kinaanza kabla ya kukata

Jambo la kwanza alilogundua ni kwamba kiungo kizuri hakitengenezwi jioni kwenye programu. Kinatengenezwa asubuhi, wakati wa kupiga.

Mwanzoni alikuwa akibonyeza kitufe chekundu na kusema "Sema, mama," na mama anaanza hapohapo. Akimaliza neno la mwisho, binti anazima ili kulinda betri, maana kuchaji telefone kambini ni kwa kulipia. Lakini ili picha moja ififie pole pole huku nyingine ikitokea, programu inahitaji kuzilaza juu ya nyingine kwa muda. Telefone nyingi hupiga picha 30 kila sekunde. Kufifisha kwa nusu sekunde kunakula picha 15 za mwisho wa kipande cha kwanza na picha 15 za mwanzo wa kile cha pili. Kama hakuna mabaki, kinacholiwa ni maneno. Basi akaanza kuwaambia wasemaji: "Mama, tunyamaze kidogo, tupumue, halafu uanze. Ukimaliza usiondoke, niangalie kwanza." Sekunde mbili kabla, sekunde mbili baada. Betri iliisha haraka zaidi, lakini majina yalianza kusikika.

La pili ni sauti. Jicho linasamehe mengi, sikio halisamehe. Kambi ina sauti yake: watoto, bidoni zinazogongana kwenye foleni ya maji, jogoo, plastiki ya hema inayopigwa na upepo. Katika kila kipande sauti hiyo ilikuwa tofauti, na kila kiungo kilisikika kama mlango uliofungwa kwa nguvu. Binti akaanza kurekodi nusu dakika ya kambi bila mtu yeyote kusema. Sauti hiyo aliilaza chini ya video nzima, kwa kiasi kidogo, kama mkeka. Juu ya mkeka huo vipande vilikaa pamoja. Sikio halikuona shimo, na jicho likalifuata sikio.

Kisha akajifunza kuitanguliza sauti. Badala ya picha na sauti kubadilika pamoja, aliacha sauti ya msemaji anayefuata ianze wakati uso wa aliyemaliza bado unaonekana. Nusu sekunde inatosha: "Jambo sana, mimi ni…" halafu uso unatokea. Mtazamaji anasikia kwamba kuna mtu anakuja, kama vile mgeni anavyobisha hodi kabla ya kuingia.

La tatu ni mwendo. Alipopiga video ya wamama kwenye maji, aliona kwamba akikata wakati mama amesimama tu, kiungo kinaonekana. Akikata wakati mama anainama kushusha bidoni, akaonyesha mwanzo wa kuinama kwa mbali na mwisho wake kwa karibu, hakuna anayeona kwamba ni vipande viwili. Jicho linafuata bidoni. Lakini lazima vipande viwili viwe na tofauti ya kutosha, kimoja cha mbali na kingine cha karibu. Vikikaribia kufanana, kichwa cha mtu kinaruka kama mwenye kwikwi.

La nne alijifunza kwa hofu. Katikati ya mwezi wa kumi na moja mapigano yalifika upande wa Kibumba, na watu wapya wakamiminika Kanyaruchinya na magodoro vichwani na mbuzi kwenye kamba. Binti aliwapiga kipande kimoja akiwa upande huu wa barabara, akavuka, akapiga kingine akiwa upande wa pili. Katika kipande cha kwanza watu wanatembea kutoka kushoto kwenda kulia. Katika cha pili, watu walewale, barabara ileile, wanatembea kutoka kulia kwenda kushoto. Alipoviunganisha, baba mmoja wa Bukavu alipiga telefone kuuliza kama kweli watu wameanza kurudi Kibumba, ili naye awaambie wake warudi kuangalia mashamba.

Hakuna aliyekuwa akirudi. Kuvuka barabara tu ndiko kuliwageuza wakimbiaji kuwa warudiji. Tangu hapo, akichagua upande mmoja wa barabara anabaki upande huo. Kama ni lazima avuke, anaweka katikati kipande cha watu wanaokuja wakimkabili moja kwa moja, ili mtazamaji ajue kwamba aliyesogea ni mpiga picha.

Mambo mengine yalikuwa madogo, lakini alama zake zilionekana. Video zote zipigwe telefone ikiwa imesimama, au zote ikiwa imelala. Kabla ya kupiga, kidole kikae kwenye uso wa msemaji hadi mwanga utulie, la sivyo picha itang'aa na kufifia yenyewe. Na ile alama ya programu ambayo CapCut huiongeza mwisho wa video ifutwe, kwa sababu inakula mega za watu bure.

Kiungo chake kizuri kuliko vyote

Jumanne tarehe 8 mwezi wa kumi na moja, mama mmoja kutoka upande wa Kiwanja aliketi mbele ya telefone. Alikuwa amepoteza watoto wawili katika msongamano wa Rutshuru-centre, pale ambapo wengine walishika barabara ya Goma na wengine wakashika ile ya Bunagana kuelekea Uganda. Mvulana alikuwa na miaka tisa, msichana sita. Mama alisema mengi, na mengi hayakusikika kwa ajili ya kilio. Sehemu iliyosikika vizuri ilikuwa fupi: mtoto wake wa kiume amepotea, amevaa shati la kijani la shule, na yeyote atakayemwona amwambie mama yake yuko Kanyaruchinya.

Jumamosi tarehe 12, mama huyohuyo alikuja mwenyewe akimtafuta binti. Msichana alikuwa amepatikana katika kambi hiyohiyo, kwa familia moja iliyotoka Rugari. Mama aliketi kwenye jiwe lilelile, na kitenge kilekile, maana hakuwa na kingine, wakati uleule wa asubuhi. Akasema kwa furaha: "Mdogo wake tumemwona. Aksanti Mungu. Mtoto nimemwona, ni mzima, anakula."

Upepo ulipita juu ya sentensi ya kwanza. "Mdogo wake" haikusikika. Binti aliikata sentensi hiyo, kama alivyozoea kukata palipoharibika.

Jioni alipoviweka vipande viwili pamoja, alishangaa jinsi vilivyokubaliana. Jiwe moja, kitenge kimoja, mwanga mmoja. Mwisho wa kipande cha kwanza mama anashusha macho. Mwanzo wa kile cha pili anayainua. Alififisha kwa nusu sekunde, akalaza sauti ya kambi chini yake, na mama akaonekana kama mtu aliyeinamisha uso kidogo, akafuta machozi, akainua tena. Kilikuwa kiungo chake kizuri kuliko vyote. Alikiangalia mara tatu kabla ya kutuma.

Kaka ya yule mama alikuwa mkimbizi Nakivale tangu miaka ya nyuma. Kutoka Kanyaruchinya alikuwa ameletewa habari za watoto, na kila mara basi zilipoleta watu wapya kutoka kituo cha Nyakabande, karibu na Kisoro, alikwenda kuuliza: nani ametoka Rutshuru, nani ameona mvulana wa miaka tisa mwenye shati la kijani? Usiku wa Jumamosi video ilimfikia. Alimsikia dada yake akisema kwamba mtoto wa kiume amepotea, kisha, kwa pumzi ileile, kwamba mtoto ameonekana, ni mzima, anakula. Akamshukuru Mungu. Kesho yake hakwenda kwenye basi, wala siku zilizofuata.

Siku ya tisa, Jumatatu tarehe 21, alipata uniti na kupiga kwenye telefone ya jirani wa dada yake. Walisalimiana, wakapeana pole za safari na za waliokufa. Kisha akasema: "Dada, niitie mtoto nimsalimie."

Mama akamwita msichana. Kaka akamsikiliza, akamwambia akae vizuri na mama, halafu akauliza: "Na mkubwa je?"

"Mkubwa gani?" mama akajibu. "Si ndiye tunayemtafuta?"

Kilichokuwa katikati

Mama alikwenda kwa binti bila hasira. Labda hasira ingekuwa rahisi kupokea. Alimwomba tu waitazame video pamoja. Waliitazama mara ya kwanza, na binti bado hakuona kosa. Mara ya pili mama aliweka kidole kwenye kioo, hapohapo anaposhusha macho.

"Mwanangu, hapa kulikuwa na siku nne. Umezipeleka wapi?"

Binti alieleza kuhusu upepo, na kwamba hakukuwa na nia mbaya. Yote yalikuwa kweli. Kila neno katika video lilitoka kinywani mwa mama. Hakuna aliyedanganya. Uongo ulikaa katikati, mahali ambapo hakuna mtu aliyesema kitu.

Watu wa sinema wanalijua jambo hili tangu zamani. Karibu miaka ya 1920, Mrusi Lev Kuleshov alisimulia jaribio alilofanya: uso uleule wa mwigizaji, usiobadilika, uliwekwa karibu na picha ya chakula, kisha karibu na picha ya jeneza, na watazamaji wakaona njaa, kisha huzuni. Uso haukuwa na njaa wala huzuni. Watu waliunganisha wenyewe kichwani. Vipande viwili vikikaribiana, anayetazama hutafuta sababu ya kuwa pamoja, na kadiri kiungo kilivyo laini ndivyo asivyojua kwamba ni yeye aliyeitafuta.

Kwa video ya ndoa hilo halina shida. Hakuna anayeumia akidhani keki ilikatwa mara baada ya kutoka kanisani. Lakini familia iliyotawanyika haina kitu kingine cha kufuata. Haiwezi kwenda kuona. Inasikiliza sekunde ishirini mara kumi, inapima kila neno, kisha inaamua: tubaki au turudi, tutafute au tuache, tulie matanga au tungoje. Mtu anayeamua kwa njia hiyo ana haki ya kujua mahali kamba ilipokatwa na kufungwa tena.

Video ilitengenezwa upya usiku huohuo. Kipande cha Jumanne kilipoisha, picha ilizimika, ikawa giza kwa sekunde mbili nzima. Sauti ya kambi ilinyamaza pia. Katika giza hilo ilisikika sauti ya binti mwenyewe: siku nne zilipita, sasa ni Jumamosi, tarehe 12 mwezi wa kumi na moja. Ndipo mama akatokea. Sentensi iliyoharibiwa na upepo ilirekodiwa upya, na mara hii mama aliwataja watoto wote wawili kwa majina yao kamili: huyu ameonekana, huyu bado.

Kaka alirudi kwenye basi. Baadaye ilijulikana kwamba mvulana alikuwa amevuka mpaka na familia nyingine, akapita Nyakabande, akapelekwa Nakivale katika zile siku tisa ambazo mjomba wake hakuwa akienda kuuliza. Nakivale ni kubwa, imegawanyika katika vijiji vingi, na mtoto aliyekwisha kugawanywa pamoja na familia isiyo yake si rahisi kumpata. Alipatikana katikati ya mwezi wa kumi na mbili. Alikuwa mzima. Shati la kijani lilikuwa limebadilishwa kwa chakula.

Kutazamisha kabla ya kutuma

Kuanzia hapo binti alijiwekea utaratibu, na vijana wawili waliokuwa wakimsaidia waliufuata pia.

Vipande vya siku moja na mahali pamoja vinaweza kuunganishwa kwa ulaini wote unaowezekana: sauti kutangulia, kukata kwenye mwendo, kufifisha kidogo. Hapo ulaini unamsaidia msikilizaji. Vipande vya siku tofauti au mahali tofauti havififishwi kamwe. Vinatenganishwa kwa giza na kimya, na tarehe inasemwa.

Inasemwa kwa mdomo. Mwanzoni kijana mmoja alipendekeza waandike tarehe kwenye picha, kwa kuwa ni haraka. Lakini video nyingi zilikuwa zikisikilizwa kuliko kutazamwa. Mtu mmoja anashika telefone, kumi wanamzunguka, na bibi aliye nyuma haoni kitu. Wengine hawasomi. Wengine walikuwa wakitoa sauti peke yake na kuituma, kwa sababu sauti inakula mega chache. Tarehe iliyoandikwa ingebaki kwenye kioo, na masikio yangebaki na uongo uleule.

Kama maneno ya msemaji yamekatwa katikati, mkato hufunikwi. Kuna njia inayojulikana ya kuuficha: unaweka picha ya mikono ya msemaji, au ya sufuria juu ya moto, na chini yake unaunganisha sauti. Binti aliipenda sana njia hiyo. Sasa anaitumia tu kama hakuna neno lililotolewa. Likitolewa, anaacha picha izimike kidogo, hata kama inaonekana kama kazi ya mtu asiyejua.

La mwisho ndilo linalochukua muda zaidi: kila msemaji anaitazama video kabla haijatumwa, na anaulizwa swali moja, "Mtu asiyekuwa hapa atasikia nini?" Siku nyingine foleni ya kutazama ilikuwa ndefu na betri ikafa kabla ya kutuma. Video ikangoja kesho. Kesho ilikuwa afadhali.

Kuna kiungo kimoja ambacho hakukifanya, ingawa aliweza. Mvulana alipopatikana, mjomba wake alimpiga video Nakivale akisema: "Jambo mama, mimi niko, msilie." Alikuwa akitazama upande wa kulia. Mama naye akapigwa Kanyaruchinya akimjibu, na kwa bahati alitazama kushoto. Ukivikata vipande hivyo zamu kwa zamu, mtoto na mama wanaonekana wameketi pamoja, wanaongea uso kwa uso. Kijana mmoja alishafanya hivyo kwa majaribio, na wote waliotazama walinyamaza kwa uzuri wake.

Mama alitazama hadi mwisho. Akasema aksanti, na akaomba kwanza pawekwe giza na litajwe jina la Nakivale. Alicheka kidogo alipoeleza sababu: majirani wakiona hivi watauliza kwa nini mtoto hasaidii kuchota maji.

Mwezi wa kwanza mwaka 2025, vita vilipokaribia Goma, watu wa Kanyaruchinya walikimbia tena na kambi ikabaki tupu. Wengine waliingia mjini, wengine baadaye wakarudi upande wa Rutshuru. Ndugu wametawanyika upya, na vipande vifupi vinapita tena kutoka telefone hadi telefone, vingine vimeunganishwa na watu ambao hawajulikani, siku ambazo hazijulikani. Kwa familia zinazorekodi salamu, kazi ni ndogo na haihitaji programu yoyote: pumua kwanza, sema jina lako kamili, sema mahali ulipo, sema leo ni siku gani na tarehe gani, mtaje kila mtu kwa jina lake badala ya "mtoto" au "yule". Ukimaliza, nyamaza sekunde mbili kabla ya kuzima.

Na kwa anayepokea: ukimsikia ndugu yako amelia, na kwa pumzi ileile amefurahi, usiache kutafuta. Piga telefone kwanza, uulize kilichokuwa katikati.